Uzito wa Unga katika Mfumuko wa Bei

Je, wajua kwamba muuzaji wa Kolwezi, nchini Congo, anaweza kupandisha bei ya unga bila kuigusa bei yenyewe? Unga wa bukari (ugali) huuzwa kwa meka, kopo la kupimia. Kopo likibonyezwa kitako, faranga hubaki zile zile, unga ukapungua. Kwa hiyo mdadisi wa takwimu haridhiki na jibu la mdomo: huupima unga kwenye mizani, ndipo akokotoe bei ya kilo.

Kabla ya hapo, wanatakwimu huzihoji kaya: fedha zinakwenda wapi? Unga, makaa, kodi ya nyumba, usafiri, karo. Majibu huunda kapu la bidhaa, na kila bidhaa hupewa uzito kulingana na fedha inazomeza. Kisha gharama ya kapu lile lile hulinganishwa mwezi hadi mwezi; ongezeko lake ndilo mfumuko wa bei. Kanuni ya hesabu hiyo ilitolewa mwaka 1871 na Mjerumani Étienne Laspeyres.

Mambo yote yamo katika uzito. Tuseme unga pekee umepanda kwa asilimia 40. Kaya inayotumia robo ya fedha zake kwa unga, gharama zake zitapanda kwa asilimia 10. Inayotumia asilimia 5 tu, kwa asilimia 2. Na kwa kuwa uzito hutokana na jumla ya matumizi ya wote, wenye kutumia sana ndio wanaolivuta kapu upande wao.

Mkoa wa Lualaba, ilipo Kolwezi, una mitego yake. Unga mwingi hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikikosa mvua au ikizuia mahindi kutoka, Kolwezi hulipa. Kodi za nyumba nazo nyingi hudaiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa takriban faranga 930; kufikia mwisho wa 2017, takriban 1,600. Nyumba ya dola 100 ilipanda kutoka faranga 93,000 hadi 160,000, na mwenye nyumba hakuongeza hata senti.

Enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, mfanyakazi alipewa posho ya unga, hivyo bei ikipanda kampuni ndiyo iliyobeba mzigo. Leo anaubeba mnunuzi. Basi Benki Kuu ya Congo ikitangaza asilimia ya mfumuko wa bei, hesabu kwanza unga unachukua sehemu gani ya matumizi yako. Ikizidi ile ya kapu la taifa, unga ukipanda wewe utaumia kuliko takwimu inavyosema.