Udongo ni wa Nani?

Mara nyingi wakatekista wanatuuliza swali hili: mtu amerithi shamba kwa baba yake, na baba yake alilirithi kwa babu, anawezaje kufukuzwa humo na mgeni mwenye karatasi tu? Wengi wanajibu upesi kwamba ni wizi. Mara nyingine ni wizi kweli. Lakini mara nyingi yule mwenye karatasi ana sheria upande wake, na padri asiyeijua sheria hiyo atawapa watu wake shauri baya. Kwa hiyo tutaeleza namna mambo yalivyokuja, zaidi kwa upande wa Kivu, ambako shida hii imemwaga damu nyingi.

Jambo lilianza mbali. Tarehe 1 ya mwezi wa saba 1885, Leta ya mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba udongo usio na mtu ni mali ya Leta. Amri ile ile ilikataza kuwanyang'anya wenyeji udongo wanaoukaa. Maneno mazuri. Lakini nani atajua kama udongo hauna mtu? Mzungu aliyepita njiani aliona nyumba na mashamba ya mwaka ule. Hakuona shamba lililoachwa lipumzike, wala pori la kuwinda, wala mahali pa kuokota kuni, dawa na uyoga. Machoni pake hapakuwa na mtu, kumbe kwa wenyeji kila kijito kilikuwa na mwenyewe. Amri nyingine, ya 1906, ilisema kwamba udongo wa wenyeji ni ule wanaoukaa, wanaoulima au wanaoutumia kwa namna yoyote kwa kufuata desturi zao. Lakini wakati huo mapori makubwa yalikuwa yamekwisha kugawiwa makompani.

Desturi zenyewe zilikuwaje? Tuangalie Bushi. Kule mwami hakuuzisha udongo. Mtu alimletea ng'ombe au mbuzi, ndiyo kalinzi, naye akapewa haki ya kukaa na kulima, yeye na watoto wake, mbele ya mashahidi. Kalinzi haikuwa bei. Ilikuwa kifungo kati ya watu wawili: mmoja anatoa mahali pa kuishi, mwingine anatoa heshima na utii. Mwenye kutaka shamba kwa muda tu alilipata kwa bwasa, na huyo hakuruhusiwa kupanda migomba, maana mgomba ukisimama ni kama kusema: mimi nimefika kukaa. Tusiisifu desturi hii kupita kiasi. Mwami mkali aliweza kumfukuza mtu, na mjane hakusikilizwa sana. Lakini kila mtu alijua mpaka wake, na jirani zake waliujua pia.

Kisha uhuru ukaja. Sheria iliyoitwa ya Bakajika, mwaka 1966, iliirudishia Leta udongo wote ambao wakoloni walikuwa wameugawa mbele ya tarehe 30 ya mwezi wa sita 1960. Halafu ikatoka sheria kubwa ya tarehe 20 ya mwezi wa saba 1973, na hii kila katekista aijue. Ilisema kwamba udongo wote wa inchi ni mali ya Leta peke yake. Mtu hanunui udongo. Anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama kwa cheti kilichoandikwa katika vitabu vya Leta. Na mashamba ya vijiji? Sheria iliyahesabu yawe ya Leta pia, ikaahidi kwamba Rais atatoa amri ya kupanga haki za wanavijiji. Miaka 50 ilitimia katika 2023, na amri ile ilikuwa haijatolewa.

Ndani ya pengo hilo watu walipita na fedha zao. Mwishoni mwa 1973 Mobutu alitwaa mashamba makubwa ya wageni, na mengi yaliangukia watu wa karibu na utawala. Wengine wao walitaka kuongeza. Wakamwendea chefu, naye akatia sahihi kwamba kilima fulani hakina mtu, hata kama kina familia zenye kalinzi. Sheria ilitaka uchunguzi ufanywe kwanza: mkubwa wa Leta afike mahali penyewe, awasikilize wenye kupinga. Lakini tangazo likibandikwa kwa Kifaransa mlangoni pa ofisi ya mbali, mlimaji atapinga nini? Cheti kikitoka, na miaka miwili ikipita, sheria ilisema hakiwezi tena kushambuliwa. Ndiyo maana shauri la kungoja, ambalo wazee wetu wanalipenda, ni shauri la hatari katika mambo haya.

Masisi ilikuwa na shida nyingine juu ya hiyo. Toka 1937 mpaka 1955 Wabeleji waliwahamisha huko watu karibu 85,000 toka Rwanda. Rwanda ilikuwa na watu wengi na njaa, na wakoloni wa Kivu walitaka wafanyakazi. Gishari ilikatwa kwa Wahunde, ikapewa chefu Mnyarwanda. Katika 1957 utawala huo ulivunjwa. Basi wahamiaji wakabaki juu ya udongo waliopewa kwa mkono wa mkoloni, bila kifungo cha desturi na wenyeji. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kufika Kivu mbele ya 1950. Sheria ya 1981 ikawanyima. Na haki ya kudumu juu ya udongo ilikuwa ya raia tu! Msomaji ataona hapo kwa nini neno uraia linawaka moto: mtu akiulizwa wewe ni wa wapi, anaulizwa shamba lake. Sheria ya uraia ilibadilishwa tena katika 2004, lakini mauaji yalikuwa yameanza katika mwezi wa tatu 1993, kule Ntoto, na kuenea Masisi.

Toka hapo vita havikwisha kufukuza watu. Katika mwezi wa kumi 2023 shirika la UNO la wahamaji, OIM, lilihesabu watu milioni 6.9 waliokimbia ndani ya Kongo. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipotekwa na M23, kambi nyingi za pembeni ya mji zilifungwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Kurudi wapi? Wengine walikuta mtu mwingine anavuna. Mashahidi wa kalinzi wamekufa, mti wa mpaka umekatwa kwa makaa.

Wandugu, tunasoma habari ya Nabothi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Alipigwa mawe, lakini kazi ilianza kwa barua zenye muhuri na mashahidi wawili. Katekista anaombwa mara nyingi atie sahihi kuwa shahidi, kwa sababu anajua kusoma. Asitie sahihi kwa shamba ambalo hakulizunguka kwa miguu pamoja na jirani wote, na wajane wakiwamo. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua Populorum Progressio ya 1967, alifundisha kwamba haki ya mali si haki isiyo na mpaka. Hata alikubali kwamba manufaa ya wote yanaweza kudai shamba kubwa lisilotumika litwaliwe. Maaskofu wa Mtaguso walikuwa wamesema karibu hayo hayo katika 1965.

Na misioni zetu? Kwa mapatano ya tarehe 26 ya mwezi wa tano 1906 kati ya Roma na Leta ya Leopold, kila misioni iliweza kupewa hektari 100, hata 200, nayo ifundishe shule. Udongo huo ulitoka katika udongo ule ule ulioitwa hauna mtu. Leo parokia nyingi zina watu wanaolima humo kwa ruhusa ya mdomo ya padri aliyekwisha kuhamishwa au kufa. Paroko mpya akifika, hawajui watabaki au watatoka. Tunashauri kwamba halmashauri ya parokia ipite shamba kwa shamba, iandike majina, mipaka na mashahidi katika kitabu, na kila mlimaji abaki na nakala yenye muhuri wa parokia nyumbani mwake.