Tezi Dume: Kwa Nini Mzee Ameihama Safu ya Mbele

Yapo mambo ambayo katibu wa msikiti huyaona bila kuambiwa. Mzee aliyezoea safu ya kwanza anaanza kusali karibu na mlango. Anatoka kabla ya dua, anakawia chooni, kisha Alfajiri haonekani tena. Watu husema uzee umemfika. Mara nyingi si uzee mtupu, bali ni tezi dume iliyokua, na jambo hilo lina tiba.

Tezi hiyo iko chini ya kibofu, nayo imeuzunguka mrija utoao mkojo. Ikikua huubana. Ndipo mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa unyonge, hukatikakatika, na aliyemaliza huhisi hajamaliza. Kufikia umri wa miaka 60, takriban nusu ya wanaume tezi zao zimekwisha kuanza kukua. Kukua huko si saratani wala hakugeuki kuwa saratani. Lakini maradhi hayo mawili huweza kukutana katika mwili mmoja, kwa hiyo haifai kukisia.

Daktari huanza kwa maswali saba yenye alama 0 hadi 35. Kuanzia 20, hali ni nzito. Mkojo na sukari hupimwa, kwa kuwa kisukari na uambukizo hufanana sana na maradhi haya. Kisha huja kipimo cha kidole kwa njia ya haja kubwa, na hapa ndipo wazee wetu wengi hukimbia. Sheria imeruhusu kufunua uchi kwa ajili ya tiba kwa kadiri ya haja, na kipimo chenyewe ni cha muda mfupi mno. Kipimo cha damu cha PSA hupanda kwa saratani, kwa tezi iliyokua na kwa uambukizo pia. Peke yake hakitoi hukumu.

Mwenye dalili nyepesi huweza kutosheka na kupunguza chai, kahawa na vinywaji vya usiku. Tamsulosini hulegeza misuli na kuleta nafuu ndani ya siku au wiki chache, ila huweza kushusha shinikizo la damu. Anayeitumia asiinuke ghafla kutoka sijida. Finasteraidi hupunguza ukubwa wa tezi, nayo huhitaji subira ya miezi sita hivi; mjamzito asishike kidonge chake kilichovunjika. Wengine hupasuliwa kupitia njia ya mkojo, bila kuchanwa tumbo. Baada yake manii huweza kurudi kibofuni, basi mume na mkewe waelezwe mapema.

Na swala je? Asiyeweza kuuzuia mkojo ana udhuru, ambao mafakihi huuita salasul-bauli. Katika madhehebu ya Shafii hujisafisha, hufunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati kuingia na kusali bila kuchelewa. Kinachomtoka baada ya hapo hakimbatilishii swala. Udhu huo ni wa faradhi moja, pamoja na sunna azitakazo.

Liko jambo lisilongoja miadi. Mkojo ukifunga kabisa, na tumbo la chini likajaa na kuuma, mpelekeni baba hospitali usiku uleule akawekewe mpira. Baadhi ya dawa za mafua huchochea hali hiyo, kwa hiyo mwenye tezi dume amwambie muuza dawa kabla ya kununua. Damu katika mkojo nayo, hata isipouma, ipelekeni kwa daktari wiki hiyohiyo.