Bamba Libaki kwa Nani? Utangulizi wa Picha za Kolodioni

Wapo wanaodhani kwamba msanii wa leo anayepiga picha za watu kwa kemia ya karne ya 19 anatamani tu mambo ya kale. Sikubaliani nao. Uwanja huu umejaa maswali ya leo, na zito kuliko yote ni hili: picha ikishapigwa, ni ya nani?

Njia inayopendwa zaidi ni ya kolodioni mbichi, ambayo Mwingereza Frederick Scott Archer aliitangaza mwaka 1851 bila kuikatia hataza. Mpiga picha humimina kolodioni, kimiminika kinachonata, juu ya kioo, au juu ya bamba jembamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi, akaliinamisha huku na huku mpaka itandae sawasawa. Kisha hulitumbukiza gizani kwenye maji ya nitreti ya fedha kwa dakika kama tatu. Hapo ndipo mbio zinapoanza, maana likikauka kabla ya kusafishwa, picha imepotea. Anayepigwa naye hutulia kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kisogo kimeegemea chuma. Tabasamu la kuigiza halidumu muda wote huo. Tena kolodioni huona vyema mwanga wa samawati lakini haioni mwekundu: macho ya buluu hupauka, na madoa ya ngozi yaliyojificha hujitokeza.

Khadija Saye, msanii wa London mwenye asili ya Gambia, alijipiga mwenyewe kwa njia hii akiwa na vifaa vya ibada za jadi za kwao. Picha hizo zilikuwa kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2017, alipofariki katika moto wa Grenfell Tower akiwa na miaka 24.

Kwangu mimi, jibu lililo wazi zaidi kwa swali la picha ni ya nani ni la Will Wilson wa taifa la Navajo, aliyeanza mradi wake Santa Fe mwaka 2012. Alikuwa akimjibu mpiga picha Edward Curtis, ambaye kati ya 1907 na 1930 alitoa majuzuu 20 yaliyowaonyesha wenyeji wa Amerika kama watu wanaotoweka. Kwa Wilson, anayepigwa huamua aonekane vipi, kisha huondoka na bamba lenyewe. Msanii hubaki na nakala ya kidijitali. Anayeingia uwanjani leo na aanze na picha hizo, ndipo amrudie Curtis.