Mafuta ya Mwili Hayatoki Chooni

Swali huja kliniki, huja kwa ujumbe wa simu usiku, huja hata harusini mtu akiwa na sahani ya pilau mkononi: "Daktari, homoni zangu zimevurugika. Ninywe nini ili kitambi kiishe?" Anayeuliza si mtu wa kuanzishiwa somo upya. Anajua soda ina sukari na anajua chipsi si chakula cha kila siku. Ila swali lake limekwisha kumpoteza kabla hajajibiwa, kwa kuwa linachukulia homoni kuwa aina fulani ya uchafu, mafuta kuwa uchafu mwingine, na linaamini kipo kinywaji cha kuvisukuma vyote nje. Madaktari wamelijibu mpaka wamechoka. Pengine wamelijibu kwa upole mno.

Kinywaji chenyewe hakitafutwi mbali. Kinauzwa Kariakoo, kinauzwa Darajani, na siku hizi kinaletwa mpaka mlangoni na bodaboda baada ya picha mbili za tumbo kuonekana kwenye simu, moja ya kabla na nyingine ya baada. Leo kinaitwa chai ya kukata kitambi, kesho chai ya kuondoa sumu, keshokutwa chai ya kusawazisha homoni. Ukisoma kibandiko, kama kibandiko kipo, mara nyingi utakuta humo sanamaki.

Sanamaki ni dawa halali ya mtu aliyefunga choo, na haina haja ya kusingiziwa kazi nyingine. Kemikali zake hupita tumboni bila kufanya lolote, hufika kwenye utumbo mpana, huvunjwavunjwa na bakteria wa huko, kisha huuchochea ukuta wa utumbo usukume na kuuzuia usifyonze maji. Ndiyo maana chai inayonywewa usiku humwamsha mtu alfajiri akikimbilia chooni. Akitoka huko anapanda mizani, anakuta kilo moja au mbili zimepungua, anaapa kwamba dawa ni kiboko.

Kilichopungua ni maji na kinyesi. Chakula alichokula jana kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, saa nyingi na mita kadhaa kabla ya mahali sanamaki inapoanzia kazi. Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwachunguza wanawake waliotumia dawa za kuharisha, wakakusanya kila kilichotoka. Ziliharishwa lita nne hadi sita, lakini kalori zilizopotea zilikuwa takriban asilimia 12 tu ya zile zilizoliwa. Mwili ulikuwa umekwisha kuchukua chake. Maji hurudi mara mtu anapokunywa, na mizani hurudi ilipokuwa. Mtu hununua pakiti nyingine akidhani hakumaliza dozi.

Basi mafuta ya mwili hutokea mlango gani? Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walipiga hesabu ya kila atomu na kuichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Mafuta kilo 10 yakiungua mwilini, kilo 8.4 hutoka mapafuni kama hewa ukaa. Kilo 1.6 zinazobaki huwa maji, yanayotoka kwa mkojo, jasho na pumzi. Walipowauliza madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi, wengi walikosea, kwa hiyo hakuna aibu kwa mwananchi kutokujua. Wala kuhema harakaharaka hakusaidii. Hewa inayotokana na mafuta hayo hutengenezwa pale tu mwili unapolazimika kuyachoma mafuta, yaani chakula kinachoingia kinapokuwa kidogo kuliko kinachotumika. Hakuna jani linaloukwepa mlango huo.

Maji ya uvuguvugu yenye ndimu nayo yapumzishwe. Juisi ya tumbo lenyewe ni tindikali kali isiyoongezewa kitu na kijiko cha ndimu, na chochote kinachotoka tumboni huzimuliwa ukali mara kinapoingia utumboni. Hakifiki kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Kinachofikiwa na ndimu kila asubuhi ni gamba la meno.

Kama chai hizi zingekuwa hazifai tu, mtaalamu angenyamaza. Lakini kuharisha kwa wiki nyingi huondoa potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli hulegea na mapigo ya moyo hukosa mpangilio. Anayetumia vidonge vya presha vya kukojoza yuko hatarini zaidi, kwa sababu vingi vya aina hiyo navyo huondoa potasiamu. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kuharisha sana hata vidonge visifyonzwe ipasavyo. Anakunywa chai kwa ajili ya homoni, na mimba isiyotarajiwa inaingia. Kuna baya kuliko hayo. Sibutramini, dawa ya kukata njaa, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya utafiti kuonyesha kwamba iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wagonjwa wenye maradhi ya moyo. Tangu hapo wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya bidhaa zinazotangazwa kuwa ni mitishamba. Chai ya majani matupu haimfanyi mtu asahau njaa siku nzima huku moyo ukimwenda mbio na usingizi ukimpaa. Ikifanya hivyo, iachwe siku hiyohiyo.

Homoni zenyewe zina kisa cha kweli, tena kigumu kuliko kile cha wauza chai. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe ili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Dunia ikadhani dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo. Watu wengi wanene wana leptini tele, ila ubongo wao hauitikii ipasavyo. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne wakaonyesha upande wa pili: watu waliopunguza wastani wa kilo 13.5 kwa wiki 10 walipimwa tena baada ya mwaka, wakakutwa leptini yao bado iko chini, ghrelini, homoni ya njaa, bado iko juu, na njaa yao ni kubwa kuliko kabla ya kuanza. Homoni hizo hazikuvurugika. Zilikuwa zinafanya kazi yake ileile ya kumkinga binadamu na njaa, na ndiyo sababu uzito hurudi hata kwa mtu mwenye nidhamu. Anayemwambia mgonjwa huyo kwamba ni mvivu anamwonea.

Kisingizio cha umri nacho kina mpaka. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021, uliowahusisha watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba kasi ya mwili kutumia nishati, ukishazingatia ukubwa wa mwili, haibadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Kinachobadilika ni misuli kupungua, kiti kuzidi na sahani kujaa. Tena mazoezi peke yake hayatoshi. Herman Pontzer na wenzake walipowapima Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, wanaotembea kilomita nyingi kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi, waliona kwamba kwa mwili wa ukubwa uleule hawakutumia nishati zaidi ya Wamarekani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Mazoezi yabaki kwa ajili ya moyo, sukari, misuli na kuzuia uzito usirudi.

Magonjwa ya homoni yapo, na hupimwa maabara. Tezi ya thairoidi ikilegea, uzito unaoongezeka kwa kawaida ni kilo chache, nyingi zikiwa chumvi na maji, wala si kilo 30. Mwanamke ambaye hedhi yake inaruka miezi na ndevu zinamwota kidevuni achunguzwe PCOS, yaani tatizo la homoni za ovari. Anayemeza deksamethasoni alizouziwa kama dawa ya kunenepa amwambie daktari, na asiziache ghafla. Sindano ya uzazi wa mpango ya Depo huwanenepesha baadhi ya wanawake. Anayeona uzito unapanda haraka katika miezi sita ya kwanza aombe njia nyingine.

Vinavyofanya kazi ni hivi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokaribia kisukari, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kukipata kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90 hizo ni kilo sita na ushee. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo maharage, dagaa, samaki au kuku. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, maana kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120 hivi. Soda iondoke, sukari ya chai ipunguzwe, usingizi uheshimiwe, misuli ifanyishwe kazi nzito mara mbili kwa wiki. Sindano ya semaglutaidi, inayoiga homoni ya utumbo, ilipunguza takriban asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68 katika utafiti wa mwaka 2021, lakini waliosimamishiwa walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Ni ghali, huandikwa na daktari, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu za bandia. Wenye unene uliokithiri waulizie upasuaji. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asipunguze chakula kwa ghafla kabla ya kumwona daktari wake, kwa sababu dozi iliyofaa sahani ya jana inaweza kumshushia sukari kupita kiasi leo.