Viza ya mwekezaji: mshauri wako analipwa na nani?

Katika biashara ya viza za wawekezaji, ushauri wa bure ndio ghali kuliko wote. Mteja hualikwa hotelini, akapewa chai na kijitabu chenye picha ya ghorofa linalojengwa Florida au Texas, kisha akaambiwa kwamba dola 800,000 zitampatia yeye, mkewe na wanawe kadi ya kijani ya Marekani. Kiingilio hakuna. Msemaji aliye mbele ya ukumbi hamtumikii mteja. Analipwa na mwenye mradi, na malipo yake hutoka pale tu mteja anapotia saini.

Viza yenyewe inaitwa EB-5. Bunge la Marekani liliianzisha mwaka 1990, na kuanzia 1992 ikaruhusiwa kukusanya fedha za wawekezaji wengi kupitia vituo vya kanda. Sheria iliyosainiwa tarehe 15 Machi 2022 iliweka kima cha chini kuwa dola 1,050,000, au 800,000 kwa mradi ulioko kijijini, kwenye eneo lenye ukosefu mkubwa wa ajira, au mradi wa miundombinu ya umma. Kila mwekezaji lazima mtaji wake uzalishe ajira 10 za kudumu. Vituo vya kanda vina idhini hadi 30 Septemba 2027, na maombi yaliyowasilishwa kufikia 30 Septemba 2026 yamehakikishiwa kushughulikiwa hata idhini hiyo isipohuishwa. Sheria hiyohiyo inataka viwango vipandishwe kufuata mfumuko wa bei kuanzia Januari 2027. Kwa hiyo wakala anayekuhimiza uwahi hadanganyi kuhusu tarehe. Ila haraka ni yenu nyote wawili, na yake ina kamisheni ndani yake.

Hesabu ya mwenye mradi inaeleza kwa nini mlolongo huu una watu wengi. Benki ingemkopesha kwa riba ya soko. Mwekezaji wa EB-5 anatafuta makazi kuliko faida, kwa hiyo hukubali riba ndogo sana. Tofauti ya riba hizo mbili ndiyo shamba wanalovuna wote: kituo cha kanda, wakala wa ng'ambo, na dalali wa mjini kwako. Juu ya mtaji, mteja hutozwa ada ya uendeshaji ya makumi ya maelfu ya dola, ambayo haihesabiwi kuwa uwekezaji.

Hata mawakili wamevuna humo. Desemba 2015 SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji ya Marekani, iliwachukulia hatua mawakili kadhaa wa uhamiaji waliokuwa wakipokea kamisheni za EB-5 bila kusajiliwa kama madalali wa dhamana. Mteja alimlipa wakili amtetee, na mradi ukamlipa wakili huyohuyo amlete mteja. Sheria ya 2022 ilijaribu kuufunga mwanya huo: kila anayenadi miradi, akiwemo wakala aliye nje ya Marekani, lazima ajisajili kwa idara ya uhamiaji, na ada anazolipwa ziandikwe kwenye karatasi ambayo mwekezaji anaisaini. Idai karatasi hiyo mapema, kabla hata ya kuiangalia picha ya jengo.

Wanaodhani muhuri wa serikali unatosha wakumbuke Jay Peak, kituo cha michezo ya thelujini katika jimbo la Vermont. Miradi yake ilipita kwenye kituo cha kanda kilichoendeshwa na jimbo lenyewe. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 350 kutoka kwa wawekezaji wa nchi zisizopungua 74, mpaka Aprili 2016 SEC ilipofika mahakamani. Mmiliki, Ariel Quiros, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano mwaka 2022. Chicago kuna kisa kingine, cha Februari 2013: mtaji wa watu zaidi ya 250, wengi wao Wachina, waliowekeza kwenye hoteli na ukumbi wa mikutano, uliwahi kuzuiwa na mahakama. Ada za uendeshaji, zipatazo dola milioni 11, zilikuwa karibu zote zimeshatumika.

Sheria pia inataka mtaji uwe hatarini kikweli. Anayekuahidi kwa maandishi kwamba fedha zako zitarudi zote anaharibu ombi lako, kwa sababu uwekezaji wenye dhamana ya kurudishwa haukubaliki.

Kazi ngumu kuliko zote, hata hivyo, hufanyika nyumbani, na mawakala hupenda kuipita haraka. Nayo ni kuthibitisha fedha zimetoka wapi. Chukua mfanyabiashara wa leso wa Biashara Street, Mombasa, aliyeuza ploti Mtwapa mwaka 2024. Mkataba wa mauziano anao, na stetimenti ya benki inaonyesha fedha zilivyoingia. Je, kodi ya faida ya mtaji, ambayo Kenya ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ililipwa kwa mamlaka ya mapato, KRA, au bei iliyoandikwa kwenye hati ya uhamisho ni nusu ya ile iliyoingia benki? Ploti yenyewe aliinunua miaka kumi na mitano nyuma kwa fedha taslimu. Zile taslimu zilitoka dukani, na nyingine zilikuwa zamu yake ya chama. Afisa wa Marekani atataka njia yote hiyo kwa karatasi, na ritani za kodi za miaka saba iliyopita. Shemeji akimchangia dola 100,000, na yeye afungue mafaili yake. Hata ile ada ya uendeshaji nayo lazima ionyeshwe ilikotoka.

Hapo ndipo wenye mali hukwama. Biashara ipo na jasho ni lao, lakini mauzo waliyoiambia KRA hayawezi kununua hata gari wanaloliendesha. Wakili wa Miami hawezi kulitibu hilo. Mtu wa kwanza kuajiriwa ni mhasibu wa nyumbani, miaka miwili au mitatu kabla ya safari, atengeneze mahesabu, alipe kodi iliyosahaulika na kukusanya nyaraka zilizotawanyika.

Mwingine asiyealikwa hotelini ni mshauri wa kodi. Mwenye kadi ya kijani hutozwa kodi na Marekani kwa mapato yake yote duniani, yakiwemo ya kupangisha vyumba vya Nyali. Kenya haina mkataba na Marekani wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, ingawa kodi iliyolipwa Kenya kwa kawaida huweza kupunguzwa kwenye deni la kule. Akaunti za nje zikifikisha jumla inayozidi dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka, zinatangazwa. Mali ya kuuzwa au kurithishwa ni vizuri ishughulikiwe kabla ya kuhama.

Pasipoti nayo ina sauti. Amri ya rais wa Marekani ya Juni 2025 ilisimamisha viza za kuhamia kwa raia wa Burundi, na ile ya Desemba mwaka huo ikaingiza Tanzania. Kuna viza ndogo, E-2, isiyo na kima kilichotajwa na isiyokupa makazi ya kudumu. Hiyo huenda kwa mikataba kati ya Marekani na nchi ya mwombaji. Raia wa Kongo ya Kinshasa anaweza kuiomba, Mkenya, Mtanzania na Mganda hawawezi. Ukishauriwa kununua uraia wa Grenada ili uipitie E-2, uliza kuhusu sheria ya Desemba 2022: aliyepata uraia kwa kuwekeza lazima awe ameishi huko angalau miaka mitatu mfululizo.

Ulaya imekuwa ikifunga milango. Uingereza iliifuta viza yake ya pauni milioni 2 Februari 2022, Ireland ikafuata mwaka mmoja baadaye, na Uhispania Aprili 2025. Ureno bado inapokea wawekezaji, lakini si wanunuzi wa nyumba tangu Oktoba 2023. Dubai ni rahisi zaidi: nyumba ya dirhamu milioni 2 hukupa ukaazi wa miaka 10. Uraia ni habari nyingine kabisa.

Basi mwenye nia ya kweli aajiri watu watatu anaowalipa mwenyewe kwa ada maalumu, si kwa asilimia: mhasibu wa nyumbani, mshauri wa kodi anayeijua Marekani, na wakili wa uhamiaji mwenye leseni ya jimbo, ambayo huangaliwa mtandaoni kwa dakika chache. Mradi achague mwisho, na mkataba wake usomwe na wakili wa dhamana asiyejuana na mwenye mradi. Na kama baada ya hesabu zote mshauri wa kodi atakuambia ubaki Mombasa, mlipe ada yake yote. Ameifanya kazi yake.