Maradhi ya Tumbo na Tiba Zake: Sehemu ya Tatu

Juma lililopita tulikomea pale ambapo matabibu wa zamani, kwa kuitakidi kwamba ndani ya ukali wa tumbo hakuna kiini kiwezacho kuishi, walivihesabu vidonda vya tumbo kuwa ni mazao ya fikira nyingi na tindikali tu, wakawapa wagonjwa dawa za kupoza, na kila zilipoachwa maumivu yakarejea.

Dhana hiyo waliivunja Robin Warren na tabibu kijana Barry Marshall, mjini Perth, Australia. Walikuwa wamejaribu mara nyingi kuiotesha maabarani bakteria iliyopindapinda, waliyoishuku kuwa ndiyo chanzo cha vidonda hivyo, wasifanikiwe, kwani sahani zilitupwa baada ya siku 2. Hata Pasaka ya mwaka 1982 zikaachwa siku 5, na bakteria ikaonekana imeota. Mwaka 1984, watu wangali wakishuku, Marshall aliinywa mwenyewe. Hazikupita siku nyingi akawa anatapika, na alipopitishiwa mpira wa kumulika, ukuta wa tumbo ukakutwa umevimba. Hidaya ya Nobel iliwafikia mwaka 2005.

Bakteria hii, Helikobakta pilori, huigeuza yurea kuwa amonia, ikajikinga kwayo na tindikali, kisha huzama katika ute wa tumbo. Ndiyo maana dawa moja haiiwezi: omeprazoli huipunguza tindikali ili viuavijasumu visidhoofike, nayo amoksilini na klarithromaisini huishambulia pamoja, aghalabu kwa siku 14, na pale ambapo viini vimekwisha kuizoea klarithromaisini, matabibu huandika bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli juu ya hiyo omeprazoli.

Mzee mmoja, jirani yangu, alinifungulia fundo la leso, mna vidonge vya rangi mbili alivyoviacha siku ya sita, tumbo lilipotulia. "Nimeviweka akiba, mwanangu, likirudi niwe navyo." Nilisikitika mno, kwa kuwa viini vilivyosalia huenda ndivyo vilivyo vigumu zaidi, na vikizaana, vidonge vile vya akiba havitavidhuru. Nilimsihi arudi kwa tabibu wake, naye akakubali. Akikamilisha tiba, itampasa angoje majuma 4 ndipo apimwe choo au pumzi, na majuma 2 ya mwisho asimeze omeprazoli, kwani huvififisha viini hata kipimo kisivione, ilhali vingalipo.