Somo la Leo: Habari ya Mchezo Si Mabao Peke Yake

Tuseme kijana wa Shinyanga ataka kuwa mwandishi wa habari za michezo. Aanza hivi: "Msimu wa 2021/22, George Mpole wa Geita Gold alifunga mabao 17 katika Ligi Kuu, akamzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja." Ni kweli tupu, na watu wa Geita watafurahi. Lakini Mpole ni mtu gani? Hatujaambiwa.

Sikilizeni nyingine. Mwaka 1968, katika mbio za maratoni za Olimpiki huko Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alikuwa wa 57. Alishinda Mamo Wolde wa Ethiopia. Ukiishia hapo, Akhwari ni mtu wa mwisho tu.

Mwandishi mwema huuliza: kwa nini alichelewa zaidi ya saa nzima? Ndipo tunapojua kwamba alianguka njiani, akaumia goti. Akafungwa kitambaa, akaendelea akichechemea, hata akaingia uwanjani watu wengi wamekwisha kwenda zao. Walioanza walikuwa 75. Wengine 18 waliacha. Yeye alisema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, bali kuzimaliza.

Hesabu ni lazima, maana ukikosea mabao hakuna atakayekuamini.

Kazi ya juma hili: nendeni kiwanjani, mwulizeni mchezaji mmoja alianzaje kucheza na nani humfulia jezi. Andikeni sentensi tano. Matokeo yawekeni mwisho.